Michezo na Shughuli za Watoto Nyumbani

Leo twataka kueleza jambo ambalo watu wengi hulihesabu kuwa dogo, nalo ni yale ayafanyayo mtoto kwao wakati hayuko shuleni. Twasema na watu wote, lakini hasa na wazazi na wanafunzi wa Bashay na nchi zote za Mbulu na Hanang, katika mkoa wa Manyara. Huko milima ni mingi, mvua na baridi humfungia mtoto ndani, na nyumba ya jirani pengine iko ng'ambo ya bonde. Mtoto wa mjini akitoka mlangoni hukuta wenziwe kumi wanamngoja. Mtoto wa Bashay aweza kukaa tangu Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi asione mtu wa rika lake, ila ndugu zake na ndama.

Mwaka 2020 jambo hili lilionekana wazi. Tarehe 17 Machi shule zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na shule za msingi hazikufunguliwa tena mpaka tarehe 29 Juni. Miezi mitatu na zaidi mtoto alikuwa mali ya nyumbani usiku na mchana. Masomo yalitolewa redioni na katika televisheni, nayo yalifaa kwa waliokuwa na vyombo hivyo. Walakini sisi walimu twajua kwamba mtoto haishi kwa hesabu na kusoma peke yake. Wako waliorudi shuleni wamenenepa kwa cheko, na wako waliorudi kimya kama waliotoka safari ya jangwani. Tofauti haikuwa mali ya baba zao. Mara nyingi tofauti ilikuwa kama nyumbani kulikuwa na mtu aliyewapa watoto nafasi ya kucheza, kusema na kutenda jambo lao wenyewe.

Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, yaeleza kwamba afya si kutougua tu, bali ni uzima wa mwili, na wa akili, na wa kukaa vema na watu. Wazee wetu walilijua hilo bila ya katiba. Mtoto akikaa peke yake ukutani, hali hana homa, bibi yake humwuliza, "Una nini, mjukuu wangu?" Hakungoja mpaka mwili upate joto.

Basi tuanze na michezo. Wako wazazi wasemao kwamba mchezo ni uvivu, na kwamba mtoto mwenye nguvu za kukimbia ana nguvu za kulima. Twawajibu kwa heshima. Shirika hilo hilo la Afya Duniani lilitoa shauri mwaka 2020 kwamba mtoto wa miaka 5 mpaka 17 apate, kwa wastani, dakika 60 kila siku za kuutumikisha mwili mpaka moyo uende mbio. Kwa kweli shauri hilo halimtishi mtoto wa Mbulu. Apandaye kilima kwenda shule na kushuka jioni, kisha akafuata ng'ombe au akateka maji, amekwisha kuzitimiza dakika zake na kuzidisha. Mifupa yake haikosi kazi. Kinachokosekana ni kitu kingine: shughuli aliyoichagua mwenyewe, pamoja na wenziwe, yenye sheria ambazo wote wamezikubali, na ambayo mtu aweza kushindwa bila ya kupigwa. Katika kazi mtoto hutii. Katika mchezo hujifunza kupatana, kungoja zamu, kushindwa na kurudi tena, na mambo haya hayafundishwi kwa fimbo.

Wala michezo haihitaji fedha. Chukueni rede. Watoto wawili husimama mbalimbali, kama hatua kumi na tano, na mpira wa matambara uliofungwa kwa uzi. Wa tatu husimama katikati, naye ana chupa tupu na lundo la mchanga. Wale wawili hurushiana mpira wakijaribu kumpiga. Yeye huukwepa, na kila apatapo nafasi hutia mchanga katika chupa. Akiijaza kabla hajapigwa ameshinda. Mtazameni mtoto achezaye rede: macho yako nyuma na mbele, miguu myepesi, mikono ina haraka lakini haimwagi. Mwalimu wa mazoezi ya viungo hangeweza kutunga zoezi lililo bora kuliko hilo.

Siku ya mvua, mahali pakiwa padogo, kuna mdako. Hufanywa kishimo sakafuni au duara ya chaki, na ndani yake kete za mawe madogo. Mtoto hurusha jiwe moja juu, na kabla halijashuka huzitoa kete zote shimoni, akalidaka. Akilirusha tena huzirudisha zote ila moja, na hivyo hivyo mpaka kete zote zimekuwa zake. Kisha huanza upya kwa kutoa mbili mbili, halafu tatu tatu. Mtoto wa darasa la kwanza asiyejua kwamba kumi ni mbili mara tano, mpeni mdako kwa juma moja kabla hamjamwita mzito wa hesabu.

Na jioni, watoto wakiwa wengi, kuna kombolela. Mmoja hufumba macho na kuhesabu karibu na mti au kopo, wengine hujificha. Awaonao huwataja majina na kuwakamata; lakini mmoja aliyebaki akiweza kuponyoka na kufika pale penye kopo kwanza, hupiga kelele "Kombolela!" na wafungwa wote huwa huru. Sisi twaupenda sana mchezo huu kwa sababu ya sheria hiyo ya mwisho. Aliye mdogo kuliko wote, asiyeweza kushinda mbio na mtu, aweza siku hiyo kuwakomboa kaka zake. Wazazi wawakataze tu kujificha penye visima, makorongo na maghala ya nafaka.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya mabinti. Aghalabu saa ya kombolela, mvulana amekwisha kuzifunga ng'ombe naye yuko huru, lakini dada yake ana mtoto mgongoni, na kuni, na maji, na sufuria ya ugali. Yeye huwatazama wenziwe wakicheza akiwa mlangoni mwa jiko. Huyu ndiye ambaye mwalimu humwona asubuhi akisinzia dawatini, naye husemwa kuwa hana akili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza mtu kumnyima mtoto nafasi ya kushiriki katika michezo, na sheria hiyo haikusema mtoto wa kiume. Hatusemi binti asijue kazi. Twasema kwamba kazi za jioni zigawanywe: mvulana ateke maji siku mbili, binti siku mbili, mvulana aweza pia kumbeba mdogo wake, mgongo wake hautavunjika. Baba akianza yeye mwenyewe kuchukua debe moja mbele ya wanawe, maneno mengi hayatahitajika.

Sasa kuna shughuli ambayo ni mchezo na kazi pamoja, nayo ni kutengeneza kibuyu chirizi. Wengi wenu mmekiona shuleni. Yatakiwa galoni ya lita tano, kamba, miti miwili yenye panda na ufito mmoja. Mtu mzima atoboe tundu moja kwa msumari uliotiwa motoni, upande wa mbele wa galoni, mbali kidogo chini ya mfuniko. Miti ichimbiwe chini, ufito upitishwe katika mkono wa galoni na kulazwa juu ya panda. Kamba nyembamba ifungwe shingoni mwa galoni, ishuke mpaka kwenye kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga kijiti galoni huinama, maji huchirizika, ukiachia husimama. Mkono mchafu haukigusi chombo hata kidogo. Sabuni itundikwe kando kwa uzi, na chini yatandazwe mawe ili pasiwe na matope. Watoto wakiisha kukitengeneza wao wenyewe, kila asubuhi huenda kunawa bila ya kuitwa, kwa sababu ni chao, na kwa sababu kukanyaga kijiti kile ni furaha.

Nao wasinawe mikono tu, wanawe na uso. Katika nchi zetu kavu na za mifugo kuna ugonjwa wa macho uitwao trakoma, ambao watu huuita pia vikope. Nzi hutua juu ya uchafu wa macho na makamasi ya mtoto mmoja, kisha huuchukua kwa mwingine, na pia vidole na nguo huueneza. Mtoto akiambukizwa mara nyingi, kope hupata makovu, na baada ya miaka mingi nywele zake hupinduka ndani na kukwaruza jicho mpaka nuru ipotee. Kwa hiyo upofu wa bibi mzee huenda ulianza alipokuwa mtoto wa miaka mitatu mwenye uso usionawishwa. Huko Kongwa, katika mkoa wa Dodoma, waganga walijaribu jambo hili vijijini, na habari zake zilichapishwa mwaka 1995: pale watu walipopewa dawa na tena kufundishwa kuwaosha watoto nyuso, trakoma kali ilipungua kuliko pale walipopewa dawa tu. Wazazi wa huko walidhani kwamba kuosha uso kwataka maji mengi, na maji yalikuwa mbali. Walipojaribu waliona kuwa maji kidogo tu yatosha watoto wengi.

Na kwa kuwa tumetaja uso, tuseme na meno. Katika sehemu za Arusha na Manyara maji ya baadhi ya visima na chemchemi yana madini ya floridi kupita kiasi, nayo huyatia meno rangi ya kahawia tangu yanapoumbwa ndani ya ufizi. Rangi hiyo si uchafu. Mtoto asicheze na wenziwe "nani ana meno meupe" akayasugua kwa mchanga au mkaa mgumu. Ataondoa gamba la jino na rangi itabaki. Apige mswaki wa kawaida asubuhi na kabla ya kulala, na asichekwe.

Shughuli nyingine inayotufurahisha ni bustani ya mtoto. Hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 katika wilaya ya Mbulu, ilishiriki kuanzia mwaka 2009 katika utafiti mkubwa wa nchi nane, na watoto wa vijiji vya karibu walifuatwa tangu kuzaliwa. Ilionekana kwamba wengi wao walikuwa wafupi kuliko ilivyopasa umri wao. Sababu haikuwa njaa ya tumbo tupu. Walikula, lakini chakula kilikuwa hasa nafaka, na matumbo yao yalipata vijidudu mara kwa mara, hata wakati ambapo hawakuharisha. Basi mtoto apewe tuta moja, urefu wa hatua tatu, karibu na mahali pa kuoshea vyombo ili maji yale yasipotee. Apande mchicha, ambao waweza kuchumwa baada ya majuma manne hivi, na pembeni mbegu mbili za maboga ili apate majani na baadaye boga lenyewe. Kuku mmoja akiwa wake, mayai yake yasiende gulioni yote. Moja au mawili kwa juma yarudi katika sahani ya mwenye kuku na mdogo wake. Mtoto mwenye tuta hujifunza kungoja, jambo ambalo hata watu wazima limewashinda. Tena mboga aliyoiotesha mwenyewe haikatai.

Usiku ukiingia, tuje motoni. Kitendawili hakijafa, ijapokuwa simu imeketi mahali pake katika nyumba nyingi. Mtoto wa Bashay ana bahati ya kuwa na lugha mbili au tatu: Kiiraqw cha mama yake, pengine Kidatoga cha majirani, na Kiswahili cha shule. Twawashauri watege kwanza kwa lugha ya nyumbani, kisha wajaribu kukigeuza kitendawili kile kwa Kiswahili. Kingine kitageuka, kingine kitakataa, na kule kukataa kwake ndiko kutakakowachekesha na kuwafundisha. Tena mtoto akitaka kueleza huzuni au hofu, asilazimishwe kusema Kiswahili. Maneno ya moyo hutoka kwanza kwa lugha aliyobembelezwa nayo.

Walakini angalieni moshi. Moshi wa kuni katika nyumba isiyo na tundu hudhuru mapafu, na watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi kwa kichomi. Hadithi na isimuliwe mlango ukiwa wazi, au moto ukiwa umebaki makaa ya kuonea nyuso, na wadogo wasikae karibu na mafiga wakaanguka. Mtoto wa shule ya msingi ahitaji saa tisa na zaidi za usingizi. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri ahesabu mwenyewe ni saa ngapi imempasa kulala. Habari za simu tutazipita upesi: mtoto wa chini ya mwaka mmoja haifai kuonyeshwa picha zake kabisa, na wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku. Ndivyo Shirika la Afya lilivyoshauri mwaka 2019, nasi hatuoni la kuongeza.

Tumeliacha nyuma jambo zito kuliko yote. Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mtelemko wa mlima Hanang, ambao kilele chake chapita mita 3,400, ilikatika. Matope, mawe na miti vilishuka kwa makorongo mpaka Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki, na wengi walipoteza nyumba. Watoto waliona mambo ambayo hata mtu mzima hana maneno ya kuyasimulia. Na hata waliokuwa mbali, Bashay na kwingineko, walisikia wakubwa wakizungumza usiku, wakadhani kila mlima utaanguka.

Mtoto aliyepatwa na hofu ya namna hii haonyeshi kama mtu mzima. Huenda akakojoa kitandani ingawa alikwisha kuacha. Huenda akamshika mama nguo asimwache kwenda hata kisimani, akawa mkali bila ya sababu, au wingu likikusanyika akasema tumbo lamwuma. Tumbo lake lauma kweli. Asipigwe, wala asiambiwe kwamba mtoto wa kiume haogopi. Wala msimlazimishe kusimulia yaliyotokea. Mpeni mahali na wakati, kisha mngojeni.

Yako mambo machache yanayomsaidia nyumbani. La kwanza ni taratibu: kula, kunawa, kucheza na kulala kwa saa zile zile, hata katika nyumba ya kuazima, maana mtoto ajuaye litakalofuata jioni huanza kuamini litakalofuata kesho. La pili ni kuchora. Apewe kijiti na mahali palipofagiwa, achore apendalo. Akichora mlima uliopasuka, msiufute. Mwulizeni tu, "Huyu ni nani? Na huyu yuko wapi sasa?" La tatu ni pumzi, nasi twalifundisha hivi. Mtoto akunje viganja kama ameshika bakuli la uji wa moto. Avute pumzi puani polepole, kama anayenusa uji ule; kisha apulize kwa mdomo polepole zaidi, kama anayeupoza, asiumwage. Afanye mara tano. Pumzi itokayo taratibu huupunguzia moyo mbio, na mwili hupata habari kwamba hatari haipo. Mchezo huu wafaa ufundishwe siku ya furaha, ili siku ya hofu uwe umekwisha kujulikana.

La nne ni kumweleza kweli. Udongo wa mtelemko ukinywa maji mpaka ukashiba, huwa mzito na kuteleza, na ukiisha kuteleza hufuata njia ya maji. Si kila mlima, si kila mvua. Basi wazazi na watoto na watembee pamoja siku ya jua, waangalie korongo liko upande gani wa nyumba, na mahali palipoinuka mbali nalo ni wapi, na njia ya kufika huko ni ipi. Wahesabu hatua. Mkubwa wa watoto ajue atamshika nani mkono, na wote wajue ya kwamba hakuna kurudi kuchukua kitu. Waufanye mwendo huo mara mbili au tatu kama mchezo, wakimaliza wale mahindi ya kuchoma pale juu. Mtoto mwenye kujua la kutenda hupungukiwa na hofu, kwa kuwa miguu yake imekwisha kupata jibu.

Watoto walio wengi hurudia hali yao baada ya majuma machache, wakiwa na watu wao na michezo yao. Lakini akipita mwezi mmoja bado halali, au hali, au hachezi na mtu, au akisema kwamba afadhali na yeye angalikufa, asingojwe zaidi. Na kwa neno hilo la mwisho asingojwe hata siku moja. Apelekwe zahanati au hospitali, na mzazi aeleze yote bila ya haya, tangu siku mabadiliko yalipoanza mpaka usiku wa jana. Mwalimu wake naye aambiwe, ili darasani asiitwe mbele ghafula wakati mvua inapopiga bati.